Nilikuwa mpigaji chuoni, sasa ni kocha: mbona wasichana wangu hawapokei mpira?

Swali:

"Nilicheza mpira wa wavu miaka yote miwili ya chuo cha ualimu, nikiwa mpigaji wa nafasi ya nne, mbele kushoto. Sasa nafundisha sekondari ya kata wilayani Masasi, na mkuu wa shule amenikabidhi timu ya wasichana. Mazoezini nikiwarushia mpira wanaupokea vizuri, lakini tukienda kucheza na shule jirani sevu, mipira ya kuanzisha mchezo, zinaanguka katikati yao, wanabaki kutazamana. Nikiwaeleza hawaelewi, nikiwaonyesha wanashangilia tu. Walimu wenzangu wanasema tatizo ni upole wangu. Wengine wanasema wasichana wa huku ni wafupi, mchezo huu hauwafai. Wakati huohuo goti langu la kushoto limeanza kuuma chini ya pia ya goti, hasa siku inayofuata baada ya kuwaonyesha kupiga smashi. Na timu ya wilaya inanitaka nikaichezee. Je, niendelee kucheza au nikubali kuwa kocha? Na kama ni ukocha, mbona mimi ninayeujua mchezo nashindwa kuufundisha?"

Jibu:

Mwalimu, una mambo matatu hapo: timu isiyopokea, goti linalouma, na uamuzi wa kucheza au kufundisha. Naanza na lile uliloliweka mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokukosesha raha. Hujashindwa kufundisha. Umeingia kazi nyingine kabisa ukidhani ni ileile uliyoifanya chuoni, na walimu wenzako nao wanadhani hivyohivyo.

Ulipojifunza kupiga smashi, siku za mwanzo ulikuwa unahesabu hatua: kushoto, kulia, kushoto, ruka. Ulikuwa unajiambia lini uinue mikono. Baada ya muda hesabu ile ikapotea, mwili ukaishika kazi. Jambo likishashikwa na mwili, akili huacha kulisimamia hatua kwa hatua, na ndiyo maana ukiwa hewani unaweza kuiona bloku, mikono ya wapinzani wanaoruka kukuzuia, na kugeuza kiganja bila kujishauri. Lakini ukiulizwa umefanyaje, huna maneno. Mwombe bibi anayesuka mkeka wa ukindu akueleze vidole vyake vinapita wapi. Atakwambia "tazama", na akijaribu kueleza huku anasuka, mkono wenyewe utasita. Mchezaji mzuri naye yuko hivyo. Akiwa kocha husema "changamka", "kuwa makini", "piga vizuri". Kwake maneno hayo yamejaa maana, kwa kuwa nyuma yake kuna mipira isiyo na idadi. Msichana wa kidato cha pili hana cha kushika hapo.

Kwa hiyo naomba uachane na ile imani kwamba aliyecheza vizuri atafundisha vizuri bila kujifunza. Mfano mkubwa ni Karch Kiraly wa Marekani. Alichezea chuo kikuu cha UCLA akatwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1979, 1981 na 1982. Akachukua dhahabu ya Olimpiki ukumbini mwaka 1984 na 1988, kisha ya wavu wa ufukweni mwaka 1996. Pamoja na sifa zote hizo, alipojiunga na benchi la timu ya taifa ya wanawake mwaka 2009 alianza kama msaidizi, chini ya Hugh McCutcheon, akakaa hapo mpaka Olimpiki ya London 2012 ilipopita. Ndipo akawa kocha mkuu. Mwaka 2014 timu yake ikawa bingwa wa dunia, na katika michezo ya Tokyo ikachukua dhahabu ya kwanza ya wanawake wa Marekani katika wavu wa ukumbini. Mtu aliyeujua mchezo kuliko karibu kila mtu duniani alikaa pembeni ya mwingine akajifunza kazi. Wewe umekabidhiwa timu na filimbi siku moja, usijilaumu.

Sasa tuingie uwanjani. Kabla ya ufundi wowote, kagua mpira wenu.

Nasema hivi kwa sababu katika shule nyingi ninazopita, Masasi, Nachingwea na hata Mtwara mjini, mpira wa wavu umejazwa upepo kupita kiasi. Kanuni zinataka mpira wenye uzito wa gramu 260 hadi 280, na upepo wa ndani uwe kati ya 0.30 na 0.325 kg kwa sentimita ya mraba. Mpira wa miguu hujazwa 0.6 hadi 1.1. Shuleni pampu ni moja, na anayejaza ni kijana wa timu ya miguu. Anapampu mpaka kidole kigome, kama alivyozoea. Matokeo yake mpira wa wavu unakuwa mgumu mara mbili au zaidi ya unavyotakiwa. Msichana akiupokea, mikono inawaka, na kesho yake ana alama nyekundu juu kidogo ya kifundo cha mkono. Mwili wake unajifunza haraka sana, ila unajifunza kukwepa: anakunja viwiko, anafumba macho, anarudisha kichwa nyuma. Kocha anaona woga na kuanza kufoka. Kumbe mtoto anajilinda na maumivu, kama yeyote angefanya. Bonyeza mpira kwa vidole gumba viwili. Ukibonyea kidogo na kurudi, uko sawa. Kama haubonyei, toa upepo leo hii, kisha watazame tena wakipokea. Huenda ukashangaa.

Wavu nao uushushe. Wa wasichana kikanuni ni mita 2.24, na huko ndiko watakakochezea mashindano, lakini wanaoanza wape mita 2 kwa wiki za mwanzo ili sevu zao zivuke na mpira uendelee kuwa hai. Mpira ukianguka kila baada ya sevu hakuna anayejifunza kitu isipokuwa kuokota. Na kama wavu wenyewe umechanika, usisubiri fungu la shule. Mafundi wa nyavu za samaki pale Mikindani wanautia kiraka kwa uzi wa nailoni, mtu akishuka Mtwara mpe abebe.

Narudi kwenye fumbo lako kuu. Unasema ukiwarushia wanapokea vizuri. Unawarushia ukiwa wapi? Nadhani unasimama mita tatu au nne mbele yao, unarusha kwa mikono miwili kutoka usawa wa kiuno, na mpira unapanda taratibu halafu unashuka palepale mikononi. Zoezi hilo si baya, linafundisha umbo la mikono. Halifundishi kupokea sevu, kwa sababu sevu ni jambo jingine. Inapigwa kutoka nyuma ya mstari wa mwisho wa upande wa pili, mita 9 kutoka kwenye wavu, na inamfikia mpokeaji baada ya sekunde moja na ushee. Katika sekunde hiyo anatakiwa auone mkono wa mpigaji, aone mpira unavuka wavu juu kiasi gani, aamue kama ni wake au wa jirani, asogee, asimame, halafu ndipo alete mikono. Mikono inakuja mwisho kabisa, na ndiyo pekee mliyoifanyia mazoezi. Wakitazamana sevu ikianguka, usiwaone wajinga. Swali la "huu ni wa nani?" hawajawahi kuulizwa mazoezini, wanaulizwa kwa mara ya kwanza mbele ya mashabiki wa shule ya jirani.

Basi kuanzia wiki hii kila mpira wa mapokezi uvuke wavu. Anayesevu awe mwenzao, hata kama kwa sasa atasevu akiwa katikati ya uwanja kwa sababu hana nguvu za kufika. Wasimame wapokeaji wawili au watatu, asiwe mmoja. Weka sheria moja tu: aliyeona mpira ni wake aite "Wangu!" kabla haujavuka wavu. Siku mbili tatu za kwanza kutakuwa na vurugu. Wawili wataita kwa pamoja, au hakuna atakayeita. Waache wakosee, usiwakatize. Kelele ile inamlazimisha mtoto aanze kutazama mpira ukiwa bado upande wa pili, na huko kutazama mapema ndiko kunakotofautisha mpokeaji na mtu aliyesimama tu uwanjani. Waelekeze macho: bega la mpigaji linaangalia wapi, mpira ameurusha mbele yake au juu ya kichwa, umevuka wavu kwa kimo gani. Unaovuka juu sana na kwa kasi unakwenda nyuma. Unaovuka taratibu, ukikaribia kugusa utepe, utaanguka mbele, na huo ndio unaowaua.

Na tazama mnavyojipanga. Wengi wetu tulifundishwa kupokea watu watano kwa umbo la W. Lilisaidia wakati wake, lakini kila nafasi kati ya watu wawili ni mahali pa kutazamana, na W ina nafasi za namna hiyo tele. Ukiwa na wasichana watatu wenye mapokezi ya kuaminika, waachie hao uwanja, wengine wajibane mbele karibu na wavu au pembeni, alimradi mpangilio wa mzunguko, yaani zamu ya kila mchezaji kwenye nafasi yake, uwe halali wakati mpira unapigwa. Watatu wanaojua mipaka yao ni bora kuliko watano wanaoogopa kugongana.

Hapa kuna jambo litakalokusumbua moyo, bora nikwambie mapema. Ukibadilisha mazoezi hivi, timu itaonekana imeharibika. Kule kurushiana kulipendeza macho, kila mpira ulirudi. Sasa nusu ya mipira inaruka kuelekea mikoroshoni. Usirudi nyuma. Mwaka 1979 watafiti wawili wa Marekani, Shea na Morgan, waliwafundisha watu miondoko mitatu ya mkono ya kuangusha vibao. Kundi moja lilirudia mwondoko mmoja mpaka likauzoea kabla ya kwenda wa pili, kundi jingine lilichanganyiwa bila mpangilio. Wakati wa mazoezi waliochanganyiwa walifanya vibaya zaidi. Walipopimwa tena siku kumi baadaye, wao ndio walikuwa mbele. Anayerudia kitu kilekile hupumzisha akili, anajibu kabla ya swali. Anayechanganyiwa hulazimika kuamua upya kila mara, na mechi ni kuamua upya kila mara. Kwa hiyo sevu moja iende mbele, nyingine nyuma, nyingine katikati ya wawili, na baada ya kupokea waendelee na mchezo mpaka mpira uanguke.

Kuhusu maneno unayotumia, jaribu kuyatoa kwenye viungo vya mwili na kuyapeleka kwenye mpira na mahali unapokwenda. Gabriele Wulf na wenzake walilipima hili kwenye sevu za wavu mwaka 2002: walioambiwa mambo ya mpira na njia yake walilenga vizuri zaidi kuliko walioambiwa mambo ya mikono na mwili wao, na ilikuwa hivyo kwa wageni wa mchezo na kwa wazoefu pia. Sababu yake unaijua mwenyewe: mtu akianza kufikiria kiwiko chake, kiwiko kinakakamaa. Tundika khanga kuukuu kati ya miti miwili pale anaposimama seta, yule anayempandishia mpigaji mpira, karibu na wavu. Badala ya "nyoosha mikono", sema "mpira uguse khanga". Badala ya "vunja kiganja", sema "upite juu ya wavu kwa urefu wa mkono mmoja, usizidi". Viwiko vitanyooka vyenyewe kwa wengi wao. Kwa mmoja au wawili ambao havitanyooka, ndipo umwite pembeni umshike mkono umwelekeze.

Na kuonyesha? Onyesha kidogo. Unaporuka na kupiga smashi kamili, wao wanaona ajabu, ndiyo maana wanashangilia. Hawaoni hatua ya pili kutoka mwisho ilivyokuwa ndefu kuliko ya kwanza, wala mkono wa kushoto ulivyotangulia juu. Ukitaka waone hatua, tembea hatua bila mpira na bila kuruka. Vizuri zaidi, mwite msichana aliyeliweza jambo hilo juzijuzi awaonyeshe wenzake. Yeye bado anakumbuka kinachomtatiza anayeanza, na wenzake wakimwona wanasema, kama fulani kaweza na mimi nitaweza. Goti lako litashukuru.

Walimu wenzako wanaosema uwe mkali nawaelewa, ndivyo wengi wetu tulivyolelewa uwanjani. Lakini mtoto anayeogopa kufokewa hujitazama mwenyewe badala ya kutazama mpira, na mpira hauna subira. Nidhamu ni kitu kingine, na hiyo usiilegeze: saa ya kuanza, kubeba vifaa, kuheshimu mwamuzi, kutocheka aliyekosa. Hayo yasimamie bila kupepesa. Kosa la kiufundi liache lipite mara kadhaa kabla hujasema neno. Ukisema baada ya kila mpira, wanajifunza kukutegea sikio wewe, na siku ya mechi ukiwa benchi wanakuwa kama wamefiwa. Badala yake uliza: "Uliuona ukitoka wapi?" Jibu lake litakuonyesha alikuwa anatazama nini, na hapo utapata cha kumfundisha.

Hili la ufupi linanikera, nalisema wazi. Linawakatisha tamaa watoto ambao mchezo unawahitaji. Katika mechi za shule ninazozitazama, pointi nyingi zinaamuliwa kwenye sevu na mapokezi kabla mpigaji hajaguswa na mpira. Shule yenye warefu wawili lakini haina anayepokea, warefu wale wanasimama tu wakisubiri mipira isiyofika. Isitoshe, kanuni zenyewe zina nafasi ya mchezaji wa namna hii. Libero aliingizwa kwenye mashindano ya kimataifa mwaka 1998: anavaa jezi ya rangi tofauti, anacheza nyuma tu, haruhusiwi kubloku wala kushambulia mpira ulio juu ya usawa wa wavu, na anaingia na kutoka bila kuhesabiwa kama mabadiliko ya kawaida. Kazi yake ni kupokea na kudigi, yaani kuokoa mipira iliyopigwa kwa nguvu. Tafuta kwenye timu yako yule msichana mfupi asiyekubali mpira uanguke, yule anayeinuka na mchanga mpaka kwenye nyusi. Mpe jezi hiyo na umwambie mbele ya wenzake kwa nini umempa.

Wazazi wakisita kwa sababu ya bukta, na huku kwetu wapo, usigombane nao. Suruali ya kubana, fulana ya mikono mirefu na hijabu havimzuii mtu kucheza. Doaa Elghobashy wa Misri alicheza wavu wa ufukweni katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa na hijabu, dunia nzima ikimtazama. Nenda nyumbani kwa mzazi, usimwite shuleni. Na ratiba yako iheshimu maisha ya hapa: msimu wa korosho ukifika, wasichana wanaokota asubuhi na jioni, usihesabu kutokuja kwao kuwa uvivu. Mwezi wa Ramadhani punguza mbio, fanya ufundi mwepesi, na anayefunga asikimbizwe juani.

Sasa goti. Siwezi kulipima kwa maandishi, lakini ulivyoeleza, maumivu chini ya pia ya goti yanayozidi siku ya pili baada ya kuruka, yanafanana sana na tatizo la ukano unaounganisha pia ya goti na mfupa wa muundi. Ni ugonjwa wa warukaji. Kushoto pia hakunishangazi: wapigaji wengi wanaotumia mkono wa kulia hutua na mguu wa kushoto kwanza, hasa mpira wa seta ukiwa umekaa nyuma yao wakalazimika kujipinda hewani. Mguu mmoja unabeba mzigo wa miwili.

Ukano hujengeka polepole kuliko msuli. Msuli ukifanyishwa kazi kwa wiki chache unapata nguvu, ukano unahitaji miezi. Wewe ulitoka chuoni, ukakaa bila kuruka, kisha ghafla ukaanza kuonyesha smashi mwili ukiwa haujapashwa moto, kwenye uwanja mgumu, ukiwa na viatu vya kazini labda. Ukano umepewa mzigo usiouzoea. Hapa watu hukosea kwa namna mbili. Wapo wanaokaza meno na kuendelea mpaka kupanda ngazi kunakuwa shida. Wapo wanaopumzika kabisa, maumivu yanakwisha, wanarudi uwanjani, yanaanza upya, kwa sababu kupumzika kumeondoa maumivu na pia kumezidi kuudhoofisha ukano.

Njia ya katikati ni kuacha kuruka kwa sasa lakini kuupa ukano mzigo wa taratibu. Egemea ukuta, shuka kama unayetaka kukaa kwenye kiti, ukae hapo kwa sekunde 45 kama unaweza, pumzika dakika moja au mbili, rudia mara tano. Fanya hivyo siku nyingi za wiki. Ikizoeleka, ingia kwenye kuchuchumaa na kuinuka polepole sana ukiwa umebeba uzito, ndoo ya maji yatosha kwa kuanzia, siku tatu kwa wiki. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Ukiyapa alama kwa kumi yasizidi tatu, na kesho yake asubuhi goti liwe kama lilivyokuwa jana. Likiamka vibaya zaidi, ulizidisha, punguza. Hesabu miezi mitatu. Ukirudi kuruka, jifunze upya kutua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa na yakitazama mbele.

Kutua huko wafundishe na wasichana wako tangu mwanzo wa kila mazoezi, maana katika michezo ya kuruka wasichana huumia kano za ndani ya goti mara nyingi kuliko wavulana, na mara nyingi ni pale goti linapoingia ndani wakati wa kutua. Msichana anayelalamika uvimbe mgumu chini ya goti wakati bado anarefuka, mpunguzie kuruka, usimwambie anadeka.

Yapo mambo yasiyosubiri mazoezi ya ukutani. Goti likivimba ndani ya saa chache baada ya kuumia, likigoma kunyooka, likikwama, likikuachia ghafla ukitembea, ukisikia kitu kikikatika wakati wa kutua, au likiuma usiku ukiwa umelala, nenda hospitali uonwe na kupimwa kwa mikono. Hali kadhalika kama wiki sita za mazoezi hazijabadilisha kitu. Kwa ulipo, Ndanda iko karibu, na Mtwara kuna Ligula na Hospitali ya Kanda ya Kusini. Mweleze daktari kwamba unacheza wavu na unataka kurudi kuruka. Ukisema tu "goti linauma" unaweza kurudi na dawa za kutuliza maumivu peke yake. Na kwa goti lililoteguka usikubali kukandwa kwa nguvu kabla halijaonwa na mtaalamu.

Imebaki kucheza au kufundisha. Wavu wa wanawake wa ngazi ya juu nchini uko zaidi Dar es Salaam, na vilabu vikubwa vingi ni vya majeshi. Kama ndoto yako ni huko, umri haukusubiri na itabidi uhame, nakuambia ukweli huo bila kukuvunja moyo. Kama unataka kubaki Kusini na kazi yako ya ualimu, kucheza timu ya wilaya ni furaha halali na kutakufanya kocha bora, mradi usicheze na goti hilo kwa sasa. Kinachoshindikana ni kufanya yote kwa nguvu zote: mazoezi ya wasichana jioni, yako usiku, kusahihisha madaftari alfajiri. Nimeona walimu wazuri wakiacha vyote viwili kwa mwaka mmoja.

Ningekuwa wewe ningechagua ukocha kwanza, kwa sababu moja isiyo ya goti. Wachezaji wa rika lako wapo. Mwanamke aliyecheza, anayejua kufundisha na anayeishi jirani na watoto hawa ni adimu. Mtwara imeandaa fainali za taifa za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mwaka 2019 na 2021, viwanja vikakarabatiwa, watoto wakaona wenzao wa mikoa yote wakicheza. Waliobaki bila mtu wa kuwafundisha baada ya mabasi kuondoka ni hawa wako.

Mtafute afisa michezo wa wilaya, umwombe jina lako liingie kwenye orodha ya wanaoarifiwa kozi za ukocha. Kozi za ngazi ya kwanza za FIVB, shirikisho la wavu la dunia, hupitia chombo cha taifa kinachosimamia mpira wa wavu, na huwezi kuitwa kama hakuna anayejua kuwa upo. Ukitaka kusomea zaidi, Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, kinapokea walimu. Na wale wa timu ya wilaya wajibu hivi: kucheza kusubiri kwanza mpaka goti likubali, lakini kuanzia Jumamosi hii unaomba kukaa benchi na kocha wao, na daftari mkononi.